Bei ya Kwanza ya Daktari

Nabintu wa fromaji alikuwa na sheria moja, na aliitangaza mezani pake sokoni Birere bila haya: muuzaji akishusha bei, ujue ile ya kwanza ilikuwa uongo. Kwa hiyo yeye mwenyewe alishusha kwa shingo upande, akinung'unika kama anayekatwa nyama ya mwili. Ila yeye akiwa mnunuzi, ukimshushia hata kidogo, umekwisha. Hakuachi mpaka uone aibu ya kurudi nyumbani.

Alikuja Goma kutoka upande wa Bukavu akiwa msichana, hana ndugu wa kumpokea, akaanza na vipande vya fromaji, yaani jibini, kwenye sahani ya plastiki. Aliyenunua kipande alirudi kuchukua nusu, na wa nusu akarudi kuchukua nzima. Mukashyaka, mama wa Masisi aliyemteremshia fromaji kutoka mashamba ya ng'ombe kule juu, alizoea kulalamika mbele ya meza zetu zote: "Huyu Mushi wa Bukavu atanimaliza. Nikitoka hapa hata mkia wa ng'ombe sina."

"Mkia si wangu, mama," Nabintu alimjibu. "Wewe niletee maziwa yaliyoganda vizuri, mkia ubaki nao."

Mume wake, Munguakonkwa, ni seremala wa mtaa wa Ndosho, hutengeneza vitanda na milango. Walikaa muda mrefu bila mtoto. Mimba mbili zilitoka mapema, kabla majirani hawajajua. Ya tatu ikakaa. Ilipoanza kuonekana chini ya kitambaa cha kikwembe, sisi wanawake wa mstari ule hatukumpongeza kwa sauti. Mtu hasifu mzigo ambao bado uko njiani.

Kisha moyo ukaanza kumwenda mbio. Yeye alisema kama tunavyosema wote hapa: "Roho inanipiga." Na neno hilo katika mji huu halina mnunuzi. Tangu vita viingie mjini, roho ya nani haipigi? Tairi likipasuka barabarani, roho. Mgeni akigonga mlango, roho. Alipomwambia jirani yake, muuza sabuni, alijibiwa papo hapo: "Yako inapiga tu? Yangu inapiga ngoma na kucheza yenyewe." Tukacheka. Nabintu naye akacheka, huku ameshika ukingo wa meza.

Kwenye kituo cha afya alikopimwa mimba ikawa vilevile. Muuguzi Julienne aliwauliza wanawake waliokaa kwenye benchi nani ana shida, na benchi zima likasema roho inapiga. Julienne akawapa vidonge vya kuongeza damu, akawaeleza kwamba moyo wa mwenye mimba unafanya kazi ya watu wawili, na kwa wengi hali hiyo hupita. Hakusema uongo. Kwa wengi hupita.

"Ila anayeshindwa kupumua akilala, abaki nimwone peke yake," akaongeza.

Nabintu hakubaki. Yeye siku hizo hakuwa analala. Alikuwa akiegemea ukuta wa mbao, mito mgongoni, mpaka kunakucha, na kwa hesabu yake mtu asiyelala hawezi kusema anashindwa kupumua akilala. Mumewe alipouliza kikohozi kile kinatoka wapi, alisema tumbo limejaa, linasukuma.

Aliyeshtuka ni Mukashyaka. Alifika asubuhi na mzigo, akataja bei ya kuanzia, ile ya kupigania.

"Sawa," Nabintu akasema.

"Sawa nini?"

"Sawa, mama. Weka hapo."

Mukashyaka akatua kikapu chini. "Nabintu, nimekutajia bei ya wazimu. Nitukane basi."

"Sina pumzi ya kukutukana."

Mukashyaka akamtazama miguu, imevimba mpaka kandambili zimezama ndani ya nyama. Akamtazama midomo. Alimwachia muuza sabuni mzigo, akaita moto, pikipiki ya abiria, akamwambia dereva aende kama amebeba mayai, naye akapanda nyuma, akamshika Nabintu kiunoni njia nzima.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nigongee mezani namna inavyopiga."

Nabintu akagonga kwa vidole. Mbio, mbio, akasita, akagonga mara mbili kwa pamoja, kimya, halafu tena mbio.

"Ulipokuwa mtoto, magoti yaliwahi kuvimba kwa homa?"

"Yalivimba. Mama alisema ni baridi ya mlima. Akanipaka mafuta, yakapona."

"Magoti yalipona," daktari alisema. "Ugonjwa ukahamia kwenye moyo."

Wakampitisha kwenye mashine ya picha. Daktari akaeleza kwamba ndani ya moyo kuna vilango vya kupitisha damu, na kimoja cha Nabintu kimekakamaa, hakifunguki vizuri. Alipokuwa peke yake kilimtosha. Sasa damu imeongezeka kwa ajili ya mtoto, inasongamana pale mlangoni, na maji yanarudi kwenye mapafu.

"Utalala hapa mpaka uzae," akamalizia.

"Mpaka nizae? Dokta, mimba ndiyo kwanza imeingia mwezi wa saba."

"Ndiyo."

"Miezi hiyo ni mingi. Nipe dawa, nikalale kwangu."

"Sikupi ruhusa hiyo. Kaa basi mwezi huu."

"Wiki."

"Mama, mimi siuzi kitu."

"Nasikia. Wiki, dokta."

Hospitali ilikuwa imejaa. Vitandani watu walilala wawili wawili, na majeruhi wengine walikuwa chini kwenye korido. Dawa ya kutoa maji ilifanya kazi upesi, na kesho yake Nabintu alikuwa anaongea sentensi nzima bila kukata. Akaanza tena. Daktari alipinga, akachoka, akashuka. Aende nyumbani, alale kitandani, asibebe kitu, asipike, ameze dawa, arudi Jumatatu bila kukosa. "Nimeshuka mpaka hapa," alisema, "na sipendi."

Nabintu akatoka kama aliyenunua ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Getini akamwambia Mukashyaka, "Umeona? Ameanza na mpaka nizae, amemaliza na Jumatatu. Kama kweli ningekufa, angeshuka?"

"Dokta si muuza nyanya, Nabintu."

"Kila mutu anauza, mama."

Mimi pia nimeishi kwa kukatana bei, na ninasema sheria yake ni ya kweli, mezani. Daktari hakuushusha ugonjwa. Alishusha kile alichoweza kumlazimisha mtu mzima mwenye miguu yake. Ugonjwa wenyewe haukuhudhuria mazungumzo yale, na haukupunguza kitu.

Dawa alizimeza. Kitandani alikaa, mpaka aliposikia barabara ya Masisi imefunguka tena na mizigo inateremka. Akafunga kikwembe.

"Mama, dokta alisema kitanda," Munguakonkwa akamwambia.

"Papa, alisema hospitali, nikamkata akasema kitanda. Ukikata tena inabaki kiti. Nitakaa kwenye kiti."

Munguakonkwa akacheka, kwa sababu kumshinda mke wake kwa maneno hakujawahi kuwezekana, na kwa sababu asubuhi ile alikuwa na uso mzuri. Akamtafutia yeye mwenyewe moto ya dereva mpole.

Na kweli alikaa kwenye kiti. Aliuza tangu asubuhi, akitukana wateja kama zamani, na muuza sabuni akasema mgonjwa gani huyu anayetupigia kelele. Jua lilipopanda akanyamaza. Akakohoa, akafuta mdomo, na kile kitambaa kikabaki na povu la rangi ya waridi. Akainama juu ya meza polepole, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Tulimbeba sisi wanawake, tukamwingiza kwenye gari la kwanza lililosimama.

Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano, wakamkalisha wima. Muuguzi mmoja akachukua kile kipembe cha kusikilizia mtoto, akakiweka tumboni, juu, chini, ubavuni. Akamwita mwenzake. Mwenzake naye akasikiliza, juu, chini, ubavuni, kisha akauliza kwa sauti ya chini mume yuko wapi.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa kesho yake, nywele nyingi, mikono imekunjwa, kimya.

Nabintu akabaki hai. Alipoweza kusikiliza, daktari yule yule alivuta kiti, akamweleza kwamba atameza dawa kila siku ya maisha yake. Kufungua kile kilango kunawezekana, lakini si hapa. Na mimba nyingine asibebe, kwa sababu hataivuka. Mukashyaka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Aliniambia baadaye kwamba alisubiri Nabintu afungue mdomo, aanze bei ya chini kama kawaida yake, na kwamba angefurahi hata kama angemtukana daktari. Nabintu aliitikia kwa kichwa tu. Daktari akakaa kidogo zaidi, kama aliyekuwa naye anasubiri, halafu akaondoka.

Maziwa yakaja. Hayakuambiwa. Mukashyaka akamfunga kifua kwa kikwembe, akakaza, akakaza tena, wote wawili wakitazama dirishani.

Sanduku alilitengeneza Munguakonkwa mwenyewe, kwa mbao za mlango wa mteja, akamwambia mteja asubiri. Waliokwenda kuzika ni yeye, fundi mwenzake na katekista. Ardhi yetu mnaijua. Unafukua vumbi kidogo, unakutana na jiwe la volkano. Walipiga mitalimbo tangu asubuhi, na shimo likapatikana la kutosha sanduku dogo tu, bila kina. Udongo wa kurudishia haukuwepo. Wakapanga mawe juu yake, makubwa chini, madogo katikati kuziba nafasi.

Jioni Munguakonkwa akaingia wodini, akasimama kando ya kitanda.

"Mumemuweka kwenye udongo?" Nabintu akauliza.

"Kwenye udongo."

"Mwingi?"

"Mwingi. Laini, ule mweusi."

Nabintu akaishika mikono yake, akaigeuza. Viganja vilikuwa vimechubuka, na kucha moja imeng'oka. Kisha akajisogeza upande na bomba lake la oksijeni, akamwachia nafasi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kaa, papa," akasema. "Umechoka."