Povu la Ukweni Kaisho

Nichekeni tu, maana hata mke wangu bado ananicheka, na aibu hii nimeshaizoea.

Nilipokwenda kumposa Adela kule Kaisho nilikuwa nasoma shahada ya pili, kazi yangu kuchunguza vimeng'enya vya bakteria, vimeundwaje na vinafanya nini (na mdomo nilikuwa nao!). Tukatoka Omurushaka mimi na mjomba wangu, ndiye mshenga, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukapokelewa vizuri, shikamoo zikaisha, tukatafuna punje za kahawa za kukaribisha wageni, mambo yanakwenda, ndipo baba yake Adela akaniuliza, "Hivyo vidudu unavyosoma, vinafanya kazi gani hasa?"

Ningejibu kwa maneno tu, yangeisha. Lakini mimi! Nikatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kusafishia vidonda (nilitembea nacho makusudi, kuwashangaza watu), nikajichotea rubisi kikombeni, nikasema, "Wamo humu, baba, tazama kimeng'enya chao kinavyoivunja hii dawa," nikadondosha. Povu likapanda, likamwagika hadi mkekani, nami najisifu, "Ni hewa na maji tu!"

Shangazi yake Adela akaruka. "Mawe, mama yangu! Katia nini kwenye pombe?"

Sasa, kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, wenyeji wajue haina sumu, na tulikuwa bado hatujaonja. Baba mkwe akakisukuma kikombe mbele yangu, akasema taratibu, "Onja." Na mimi (maabara imenizoesha vibaya, kule ukionja kitu cha majaribio unafukuzwa) nikaropoka, "Hapana, hii hairuhusiwi kuonjwa!"

Mjomba wangu wa damu akasogeza kiti, akakaa mbali nami. Shangazi ameshasimama, anatuamuru tutoke na kibuyu chetu, nikaona Adela ananiponyoka hivi hivi.

Adela mwenyewe akatoka chumbani, jambo ambalo mposwa hafanyi. Akamwaga kile kikombe nje, akachota kingine kibuyuni, akapiga magoti, akanipa.

"Kunywa. Na usieleze kitu."

Nikanywa chote bila kupumua.

Nimemuoa, namshukuru Mungu. Vimeng'enya bado navichunguza, tena vizuri sana, lakini kichupa ukweni sibebi tena mpaka nazikwa. Hainisaidii lolote: tukienda Kaisho, hata ikiletwa chai, familia nzima inaweka vikombe chini, inaningoja mimi nionje kwanza.