Saa Moja Kati ya Karatasi Mbili

Enyonam alikuwa amejiapiza kwamba safari hii hatasikiliza. Alijiapiza asubuhi mbele ya kioo, akajiapiza tena langoni, na karatasi ya kwanza ilipokusanywa saa sita mchana alitoka ukumbini akafululiza hadi kwa muuza abolo, mikate ya mahindi ya kupikwa kwa mvuke, akawapa watahiniwa wenzake mgongo. Lakini masikio hayana kope. Hajameza hata tonge la pili, wenzake kivulini pale maabara walikuwa wameshaanza kupasua maiti.

Ndivyo walimu wa mji wa Ho wanavyoliita jambo la kulinganisha majibu baada ya mtihani. Karatasi ikishatoka mkononi mwako imekufa, wanasema, izike uendelee na safari. Tangu lini mtahiniwa akazika? Na hesabu ina karatasi mbili siku hiyo hiyo: ya kwanza ya kuonyesha njia, ya pili ya maswali hamsini ya kuchagua, unasiliba viduara kwa penseli. Kati yazo kuna saa moja ya kupumzika. Aliyeiita saa ya kupumzika hakuwahi kuufanya mtihani huo.

Enyonam alikuwa na miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa Bankoe ambaye mshono wake ulinyooka kuliko njia nyingi za mji ule. Sekondari alifaulu masomo yote isipokuwa hesabu, na bila hesabu hakuna chuo, hata kama masomo mengine umeyameza mazima mazima. Alihitaji C6 tu, daraja la chini kabisa linalokubaliwa. Mara ya kwanza alipata F9, ya pili E8, ya tatu D7, akipanda kidogo kidogo kama mtu anayekwea ngazi kwa makalio. Ya nne alirudi nyumbani akasema ameshindwa tena, F9, akajifungia chumbani. Mama yake alifunga siku tatu, maji matupu, akimwomba Mungu amwondolee binti yake laana ya F9.

Kilichomchoma zaidi ni kazi yenyewe. Wanachuo wa ualimu walikuja kibandani kwake kushonewa sare, na yeye akawazungushia futi kiunoni, akaandika vipimo bila kukosea, huku wao wakilalamikia chuo kana kwamba chuo ni ugonjwa. Jumamosi watoto wa majirani walijaa kwenye benchi la wateja, naye akiwafundisha kusoma, na walisoma kweli. Alitaka kuwa mwalimu. Hakutaka kingine, wala hakuona haya kulisema. Mwezi uliopita mumewe Mawuli, mpaka rangi, mtu asiye na makuu, alimwambia, "Mama Delali, hii iwe ya mwisho. Sikukatazi. Nimechoka tu kukuona unalia." Naye alikubali. Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa kufa au kupona.

"Namba moja, robo tatu," sauti ilisema kivulini.

"Hata mimi!"

"Namba nne, eksi ni tano au hasi mbili."

"Hata mimi! Ee Mungu wangu, hata mimi!"

Enyonam alisimama na abolo yake mkononi. Robo tatu alikuwa nayo. Tano na hasi mbili alikuwa nazo. Miguu ilimpeleka yenyewe.

Aliyekuwa akisoma majibu ni Selasi, kijana wa miaka kumi na tisa, waliyemwita Profesa. Mwaka uliopita alipata B3, na bado alikuwa anarudia kwa sababu alitaka A1 ya kuingilia udaktari. Watu wa D7 walimwangalia kama tajiri anayepita nyumba kwa nyumba akiomba chumvi. Kando yake aliketi Akorfa, binti wa nyumba ya pili kutoka kwa Enyonam, mwenye mdomo usio na kifuniko.

"Namba kumi na moja, ile koni," alisema Akorfa. "Profesa, ujazo umepata ngapi?"

"Elfu moja sabini na nane."

"Elfu moja sabini na nane!" waliitikia kama kwaya, mmoja akapiga makofi.

"Davi Enyonam, na wewe?" Akorfa aligeuka. Davi ni dada mkubwa, na pale, kati ya vijana wale, kila mtu alimwita hivyo. Wengine kwa heshima, wengine kumkumbusha umri wake.

"Mimi," alisema Enyonam, "nimepata elfu moja kumi na sita. Nukta nne."

Kicheko kikaporomoka.

"Nukta nne? Davi, koni yako inavuja!"

"Izibe kwa uzi!"

Selasi hakucheka. Alimwonea huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Davi, majibu ya mtihani hutoka safi," alisema taratibu. "Wanaotunga huchagua namba zinazogawanyika. Ukiona nukta, ujue umepotea njia."

Hiyo ilikuwa sheria kwenye masomo yote ya ziada ya mji ule. Watu waliwahi kufuta kazi nzima ya dakika ishirini kwa sababu ilizaa desimali. Enyonam aliijua sheria hiyo, na kule ukumbini moyo ulimdunda sana alipoiacha ile nukta nne pale ilipo. Sasa alianza kuhesabu alama kichwani. Alama za swali lile zilikuwa nyingi. Kama hilo limekwenda, na lile la grafu alilolikimbilia mwisho nalo limekwenda, C6 itatoka wapi?

Akaanza kutembea kuelekea langoni.

Hapa ni lazima tuseme jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua, si Mawuli, si mama yake. Mara ya nne Enyonam hakushindwa. Aliwasikiliza wenzake saa hii hii, kwenye uwanja huu huu, akaona majibu yake matatu hayafanani na yao, akawaambia anakwenda kununua maji, akaenda zake nyumbani. Karatasi ya pili hakuifanya. Matokeo yalipotoka, mbele ya somo la hesabu hapakuwa na alama yoyote. Ile F9 aliitunga mwenyewe, kwa sababu kushindwa watu wanakuelewa, lakini kukimbia utamweleza nani?

Na sasa miguu ilikuwa inakumbuka njia. Alifika langoni, akashika chuma. Karatasi ya maswali ilikuwa bado kwapani, akaitoa ili aichane, na macho yakaangukia swali lenyewe kabla mikono haijafanya kazi. *Kipande cha duara chenye nusu kipenyo cha sentimita ishirini na moja na pembe ya nyuzi mia moja na ishirini kimekunjwa kuwa koni.*

Kimekunjwa. Alilisoma tena. Miaka tisa alikuwa akikata vipande vya duara na kuvifanya sketi za mwavuli, na hakuna fundi mwenye akili timamu anayepima mteremko wa kitambaa akasema huo ndio urefu wa kutoka kiunoni kwenda chini. Mteremko siku zote ni mrefu zaidi. Mwanagenzi anayelikosea hilo hupewa kitambaa akafumue. Ishirini na moja ulikuwa mteremko. Wao wameufanya kimo.

Hakuichana karatasi, aliikata kwa ukingo wa rula, kipande kidogo cha duara cha mfano, akakikunja, akakisimamisha juu ya ukuta mfupi wa lango. Ubavuni, sentimita kumi. Kimo, tisa na kitu. Alipima mara ya pili. Kisha alirudi kivulini kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki yake, akaisimamisha ile koni ya karatasi mbele ya Selasi.

"Profesa, pima ubavu. Halafu pima kimo."

"Davi, muda..."

"Pima!"

Alipima. Wote waliona mkono wake unavyopunguza mwendo. Alichukua penseli, akaandika kwenye kiganja, midomo ikicheza: ishirini na moja, saba, kipeuo cha pili. Kumi na tisa nukta nane. Akazidisha, akagawanya.

"Elfu moja kumi na sita," alisema mwishowe. "Nukta nne."

"Profesa, umetuua!" Akorfa alipiga yowe. "Mimi nilikuwa na nukta nikaifuta! Niliifuta kwa ajili ya ile sheria yako!"

"Kumbe profesa wa karanga!"

"Mvueni cheo, mpeni Davi!"

Enyonam alifurahi. Tusimpambe, alifurahi kwa moyo wote, na alifurahi zaidi kuona wanavyomgeukia kijana wa watu. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuwa mwenye jibu. Alikula abolo iliyobaki amesimama, akiulizwa namba hii na namba ile, akijibu kama mwenyekiti.

Ndipo Selasi alipoinuka, akatundika mkoba begani. "Nakwenda kununua maji," alisema, pasipo kumwambia mtu yeyote.

Maji ya vifuko yalikuwa yanauzwa hapo hapo, hatua tano, kwenye beseni la muuza abolo. Enyonam aliliangalia beseni, akauangalia mgongo wa Selasi ukipita langoni, na akayatambua maneno yake mwenyewe ya mwaka jana.

Kengele ya kwanza ililia. Dakika tano. Msimamizi mkuu alikuwa ameshawaonya asubuhi kwamba kengele ya pili ikilia mlango unafungwa, hata uje na barua ya chifu. Watu walianza kukimbilia ukumbini. Enyonam alipiga hatua tatu pamoja nao. Halafu alilaani, akageuka, akakimbia upande wa pili.

Selasi alikuwa ameshavuka barabara.

"Selasi! Rudi!"

"Niache, Davi." Hakugeuka. "A1 imeshaondoka. Nitajiandikisha tena mwakani."

"Kwa swali moja?"

"Swali moja ambalo wewe fundi cherehani umelijua na mimi sikulijua!" Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Baba anawaambia watu mimi ni daktari. Tayari anawaambia! Bora niseme niliumwa."

"Hujui unachosema."

"Wewe umeshindwa mara nne, umezoea!"

Lori lilipita kati yao, likawatimulia vumbi. Langoni Akorfa alikuwa amesimama akiwaita, muuza abolo kasimama naye, na wapita njia wawili watatu. Enyonam aliwaona wote. Alijua mdomo wa Akorfa ulivyo. Lakini kijana alikuwa ng'ambo ya barabara, na neno la kumfikia lilihitaji sauti.

"Sikushindwa mara nne!" alipaaza sauti. "Mwaka jana nilikimbia! Kama wewe hivi, saa kama hii! Nilisema nakwenda kununua maji nikaenda nyumbani! Mama yangu amefunga siku tatu kwa ajili ya F9 ambayo haikuwepo!"

Selasi aliushusha mkoba begani.

"Labda ningepata," alisema Enyonam. "Labda leo ningekuwa chuoni nasomea ualimu. Sijui. Sitajua mpaka naingia kaburini. Ukishindwa unajua, mdogo wangu. Ukikimbia hujui kitu."

Hakungoja jibu, hapakuwa na muda wa jibu. Aliinua gauni akakimbia, akampita Akorfa aliyebaki mdomo wazi kabla naye hajatoka mbio, na nyuma yake alisikia viatu vikipiga lami, vikimkaribia, vikimpita. Kengele ya pili ililia wakiwa kwenye ngazi. Msimamizi mkuu alikuwa ameshaushika mlango. Alitazama saa, akawatazama Enyonam, Selasi na Akorfa wanavyohema, akajibana kando nusu hatua, nao wakapita kiubavu.

Enyonam aliketi. Safu ya jirani Akorfa alikuwa bado anamkodolea macho. Kabla ya magharibi Bankoe nzima itakuwa imepata habari. Mama yake ataambiwa sokoni, mbele ya watu, kwamba njaa ile ya siku tatu ilikuwa ya bure, na Mawuli atauliza, kwa upole wake ule, kwa nini. Enyonam alitamani kulia, na alitamani sana kuinuka.

"Geuzeni karatasi," msimamizi alisema.

Kiduara cha kwanza alikisiliba hadi nje ya mstari, akakifuta, akakisiliba upya. Maswali arobaini na tisa yalikuwa yamebaki. Aliogopa kuliko mwaka uliopita, kuliko miaka yote, na alikuwa ndani.