Komeo za Paa la Turubai

Jumatatu, tarehe 11 Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, mchana jua likachungulia, halafu mvua ikarudi.

Naandika leo hii hii, nisije nikayakuza kesho.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu, mama wa hapa Nyamiaga, alituletea gari lake dogo jekundu, lile la paa la turubai linalokunjwa nyuma, ambalo maharusi hulipenda. Komeo mbili zinazobana paa juu ya kioo cha mbele zilikuwa zimelika. Ndoano zake zimebaki nyembamba, paa linachezacheza. Nilizijaza shaba kwa moto, nikapiga tupa mpaka zikashika. Kuzifunga ilibidi kuvuta kwa mikono miwili. Nikamwambia shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tunafanya naye kazi gereji: turubai litalegea lenyewe, tusiguse. Halafu nikaenda msibani Nyakisasa, yeye akabaki kukabidhi gari.

Jumamosi gari lilimpeleka bibi harusi Nyamahanga. Njiani, mvua inanyesha, komeo ya kushoto ikaachia na paa likainuka. Alifika kanisani amelowa hadi shela.

Leo asubuhi mwalimu amekuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Fundi, nilikupigia simu ukiwa msibani, nikakuuliza kama limeshika. Ukasema limeshika."

Nikaomba msamaha mbele ya watu wote. Shemeji alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai. Muuza chapati wa jirani akasema, "Huyu harusi ijayo agawe miavuli kabisa." Watu wakacheka. Shemeji naye alicheka, ila kidogo.

Nilipoifungua ile komeo ndipo nikaona. Mimi hupiga tupa kufuata urefu wa ndoano. Juu ya shaba yangu kulikuwa na mikwaruzo mipya iliyokwenda kwa upana, na ncha imepungua.

"Shemeji, hii uliigusa?"

"Mwalimu alishindwa kulifunga. Nikapunguza kidogo tu. Nilikuwa nakusaidia."

"Na asubuhi mbona hukusema?"

"Si ulikuwa umeshaomba msamaha? Mimi ningeongeza nini?"

Jibu hilo nimekaa nalo siku nzima. Kwa haki, mimi ndiye niliyelikaza paa bila kufikiria mikono ya mama wa umri ule. Wala sikumweleza kwamba litakuwa gumu siku za mwanzo, nilimwambia shemeji tu. Huenda hata mimi ningenyamaza. Sidhani, lakini sina hakika.

Nikajaza shaba upya, nikapiga tupa, nikafunga. Mwalimu aliporudi saa kumi hakutaka kulichukua gari. Ufunguo alimpa shemeji.

"Kesho lijaribu wewe barabarani. Ukisema wewe kwamba limeshika, nitakuja kulichukua."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikayazuia ili nimpe shemeji nafasi ayaseme mwenyewe. Nilimtazama, naye akaona kwamba namtazama.

"Sawa, mwalimu," akasema, akautia ufunguo mfukoni.

Jioni tumekula ndizi na maharage, na dagaa kidogo. Shemeji alikula kwetu kama kawaida. Mke wangu, ambaye sijamwambia kitu, alimwongezea.