Mama Polepole, mfunga mkia wa mahujaji

Jua bado halijachomoza, na Mama Polepole amepiga magoti kwenye sakafu ya darasa, mguu wa mtu asiye ndugu yake ukiwa mapajani mwake. Madawati yamesukumwa ukutani. Mikeka imetandikwa kuanzia ubaoni hadi mlangoni, na juu yake wamelala mahujaji, wengine wakikoroma, wengine wakijifanya wanakoroma ili wasiguswe.

"Usinivutie mguu, baba, mimi siumi," anamwambia mwenye mguu, fundi seremala mwenye kifua kipana na uoga wa sindano. Anatoboa lengelenge pembeni kwa sindano iliyochemshwa, anakamua maji taratibu, lakini ngozi ya juu haiondoi. "Hiyo ndiyo plasta yako ya kwanza. Ukiibandua, leo utatembea unalia."

Ni asubuhi ya siku ya mwisho. Mbele yao kuna mteremko mrefu wa changarawe, daraja, kisha kilima chenye patakatifu ambapo kila mwaka mamia ya watu huenda kwa miguu, safari ya karibu wiki nzima.

Kazi ya Mama Polepole inaitwa kufunga mkia. Yeye hutembea nyuma ya watu wote. Wa mwisho akisimama, naye anasimama. Hakuna hujaji anayeruhusiwa kubaki nyuma yake, hata aliyeingia kichakani kujisaidia. Atamngoja, amempa mgongo, akiimba kwa sauti ya juu ili mwenzake asione haya.

Ana miaka hamsini na nne, na hii ni safari yake ya kumi na tisa akiwa mkiani. Miezi mingine anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Kamati ya msafara humpa posho ambayo, kwa maneno yake, "inatosha chumvi, sabuni, na soda moja ya kujipongeza."

Jina alipewa na mahujaji wenyewe, hasa vijana wanaoondoka kwa kasi kama waliosikia kuna mgao wa sukari huko mbele. "Siku ya kwanza kila mtu shujaa," anasema huku akikunja bendeji. "Siku ya tatu wananirudia mmoja mmoja, sauti zimeshuka, wananiita mama."

Ukimuuliza Mama Polepole mtu ajiandae vipi, usitarajie mahubiri. Anaanza na mzigo. Kila kitu kinachowekwa begini kwa sababu "huenda kikahitajika", anasema, hakitahitajika. Mwaka fulani alimkuta mama mmoja amebeba pasi. "Nikamuuliza, dada yangu, huko unakokwenda wanakagua mikunjo?"

Kucha zikatwe wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Mafuta ya mgando yapakwe katikati ya vidole kabla ya soksi, na soksi zigeuzwe ili mshono ukae nje. Maji yanywewe kabla ya kiu. Ukisikia joto sehemu moja ya mguu, kaa chini hapo hapo, kwa sababu joto linabisha hodi tu. Maumivu yakija yatavunja mlango.

Na juu ya yote, viatu. "Usije na viatu vipya. Njoo na viatu ambavyo mmeshagombana mkapatana."

Ushauri huo ameutoa mpaka mate yamemkauka. Mwaka huu aliyeupuuza ni wifi yake mwenyewe, mjane wa kaka yake.

Mwaka juzi mtoto pekee wa wifi huyo alilala hospitalini miezi mingi, figo zimegoma. Mama mtu aliweka nadhiri: kijana akisimama, atakwenda patakatifu kwa miguu yake, bila kupanda chochote. Kijana akasimama. Akapata kazi ghalani, na kwa mshahara wa kwanza akamletea mama yake viatu vya safari, vya ngozi, rangi ya kahawia, vinavyong'aa. Mama akavijaribu palepale, akasema vimemkaa sawasawa.

Sasa, katikati ya mteremko, wifi amekaa kwenye jiwe. Dole gumba la mguu wa kulia limevimba na ukucha umekuwa mweusi. Nyuma yao linanguruma gari dogo linalobeba walioshindwa, na utaratibu wa msafara unajulikana: asiyeweza tena anapakiwa, na anayetoa amri ni mfunga mkia.

"Wifi, vua nione," anasema Mama Polepole.

"Sivui."

"Basi panda gari."

"Ukinipandisha gari, wifi, usije ukakanyaga tena mlangoni kwangu."

Dereva anashika kitambaa na kuanza kupangusa kioo ambacho tayari ni kisafi.

Mwishowe kiatu kinavuliwa. Mama Polepole anakigeuzageuza mkononi na kuona balaa liko wapi: kinabana mbele, na mteremko unavisukuma vidole vyote huko huko. Kandambili hazitafaa, maana hazishiki kisigino na changarawe inateleza. Dawa iliyobaki ni kukata ngozi ya mbele, vidole vipate kutoka. Anatoa kisu kwenye mkoba.

Wifi anakinyakua kiatu na kukikumbatia. "Hiki ni mshahara wa mtu ambaye alikuwa hawezi hata kushika kijiko. Unataka nikikate?"

Mama Polepole anakirudisha kisu mkobani. Anakaa chini kando yake, jambo ambalo dereva anasema hajawahi kuliona miaka yote. Msafara unapinda kona na kupotea. Baadaye atakiri kwamba alikuwa amekwama. "Kama mfunga mkia, nilitakiwa nimpakie. Kama wifi, nimpakie vipi? Nilikuwa naye wodini. Nilimsikia kwa masikio yangu akiweka ile nadhiri."

Wanakaa. Mdudu anapita, wote wawili wanamtazama.

"Wifi," anasema hatimaye, "uliahidi miguu, au uliahidi viatu?"

Wifi anakigeuza kiatu mapajani. Kisha ananyoosha mkono. "Lete kisu. Nitakata mwenyewe. Wewe mkono wako mzito, utaniharibia."

Anakata polepole, kwa mstari ulionyooka kama anayekata kitambaa cha harusi, na machozi yanamtiririka bila kujificha. Anapokivaa tena, vidole vinatokeza mbele.

"Tazama vinavyochungulia," anasema Mama Polepole. "Kama majirani wambea."

Wifi anacheka huku analia, anampiga kofi la begani, anasimama. Gari linawafuata likiwa tupu hadi darajani.

Wanafika kilimani alasiri, wa mwisho kabisa. Langoni kijana amekwisha kufika kwa basi kumlaki mama yake. Ni mwembamba bado, lakini amesimama wima. Anamwamkia shangazi yake, anamkumbatia mama, kisha macho yanashuka chini. Mama anauficha mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto, lakini amechelewa.

Kijana anachuchumaa na kugusa pale palipokatwa. "Mama, vilikuwa vinakubana?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipovileta."

"Sasa mbona uliniambia vimekukaa sawasawa?"

"Ulikuwa umesimama, mwanangu," anasema mama yake. "Umesimama mbele yangu kwa miguu yako, umeshika boksi. Ningesemaje?"

Kijana anamshika mama yake mkono, na wawili hao wanaingia ndani taratibu kwa sababu ya dole gumba. Mama Polepole anabaki langoni. Bado kuna beseni la kujaza maji ya chumvi, na mafundi seremala wa kuhurumiwa.

Mwaka ujao, anasema huku akikunja mikono ya gauni, ana mpango mpya. Hatangoja watu njiani. Wiki mbili kabla ya safari atapita nyumba kwa nyumba kwa kila aliyejiandikisha, akague viatu vya kila mmoja.

"Na sitauliza tena kama vinamtosha," anasema. "Wote watasema vinatosha. Nitauliza, nani kakununulia?"