Chumba Kisicho na Dari

Jua la Handeni likishika bati mchana, ndani hakukaliki. Kwa hiyo nilipomtoa mama yangu Kwaluguru na kumleta kwangu Chanika, hapa Handeni mjini, nilimwita fundi akaweka dari ya jipsam nyumba nzima. Chumba chake kikapoa, nami nikajisifu kwa kila mgeni.

Daktari wa Korogwe alikuwa ametuonya kwamba presha ya mama haitaki mishtuko. Mimi na kaka yangu tukakubaliana habari mbaya zisimfikie. Ndugu wakija kutoka kijijini, niliwawekea masharti getini kabla hata ya kuwakaribisha chai. Mbuzi wake walipokufa, hakuambiwa. Shoga yake, waliyepakana naye mashamba tangu ujana, alipofariki, nilikwenda kuzika peke yangu. Mama nilimwambia nakwenda harusini.

Kisha msimu ukaanza. Asubuhi moja nilimkuta uani, peku, akitazama madimbwi.

"Imenyesha?"

"Usiku kucha, mama."

"Na mimi nimelala."

Alisema kwa aibu kabisa. Miaka yote matone ya kwanza juu ya bati ndiyo yaliyomwamsha akatafute jembe. Akaitazama nyumba, halafu akanitazama mimi.

"Kitu gani kingine kimenipita, mwanangu?"

Kudanganya ningeweza, nilishazoea. Lakini alinikazia macho, nikamwambia yote.

Hakuanguka, wala hakulia. Aliuliza tu nani alimwosha shoga yake, na kama wamemzika kule upande wa mihogo. Tulikwenda kuhani siku hiyohiyo. Aliwaomba radhi watoto wa marehemu kwa kuchelewa, bila kunitaja, na hilo ndilo lililoniuma.

Tukiwa njiani kurudi akasema atakaa kwangu kwa sharti moja: dari ya chumbani kwake itoke.

"Utaungua na joto, mama."

"Niache niungue."

Fundi alidhani nimerukwa na akili, ila aliibandua.

Mvua iliyofuata ilikuja alasiri, ikapiga bati hata tusisikizane. Mama aliketi kitandani, akalia kwa mara ya kwanza. Nilikaa ubavuni mwake nimbembeleze, nikajikuta nalia mimi. Shoga yake yule ndiye aliyenifundisha kupanda mahindi, na siku ya kumzika nilishughulika na uongo wangu hata sikumlilia.