Matokeo Yangu ya Kuruka, Nikiwa Finland

Wenzangu tuliokula vumbi la Babati kabla simu hazijaingia mfukoni mwa kila mtoto, mtanishuhudia: michezo yetu iliacha makovu. Sisi watoto wa kijiji cha Nakwa mchezo wetu mkubwa tuliutoa kwenye televisheni ya Mzee Hamadi mwenye duka, baba yake rafiki yangu Zuhura. Siku moja tuliwakuta Wazungu wamefunga mbao ndefu miguuni, wanateremka mlima wa theluji, wanaruka na kuelea angani kama waliosahau kushuka. Kisha yakatoka matokeo: jina, bendera, umbali. Mzee Hamadi akatikisa kichwa. "Hawa hawana mama nyumbani."

Kesho yake tukaanzisha mashindano yetu. Tulikalia magome ya mgomba yaliyolowa maji, tukateremka kilima cha nyuma ya shamba la kina mwenzetu Paskali hadi kwenye kichuguu, kikaturusha juu, tukaangukia lundo la mabua ya mahindi. Mshindi alikuwa Tanzania wiki nzima. Wengine waligawana Austria, Norway na Japani. Wa mwisho alikuwa Finland. Sijui ilitukosea nini.

Mimi ndiye niliyeandika matokeo, nyuma ya daftari la Sayansi, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Umbali tulipima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, na hapo ndipo shetani aliponipitia. Wenzangu niliwapima nikiwa nimevaa mabuti ya baba ya shambani. Zamu yangu ikifika nayavua, nasema yananibana, ingawa yalinipwaya. Msimu mzima matokeo yangu yalitisha: wa kwanza, wa kwanza, wa pili (nafasi hiyo nilijipa ili nisishukiwe), wa kwanza.

Zuhura ndiye aliyenibamba. "Marieta, mbona nyayo zako thelathini zimeishia hapa, na zangu ishirini na nne zimefika kule?"

Nikasema labda ardhi imevutika. Paskali alichukua buti, akaliweka kando ya mguu wangu, wote wakatazama. Nikavuliwa ushindi wote, nikapewa Finland.

"Ruka sasa, nipime mimi," Zuhura akasema. "Usiporuka, usicheze na sisi tena."

Niliogopa kuliko siku ya mtihani. Lakini kubaki nyumbani peke yangu nikichambua maharage, wakati wenzangu wanapiga kelele kilimani, niliogopa zaidi. Nikateremka nimefumba macho. Kichuguu kilinirusha, nikayapita mabua yote, nikaangukia udongo mkavu juu ya mkono wangu wa kushoto. Nilisikia kitu kimesema *ko*.

Walinibeba mpaka nyumbani. Njiani, katikati ya kilio, nikauliza, "Ngapi?"

Zuhura hakusita. "Thelathini na tano. Hajawahi mtu."

Nawaambieni, maumivu yalipungua nusu. Mama aliangalia gauni kwanza. "Hili nimelishona mara tatu. Ya nne nitakushona wewe." Kisha akalia, akanikimbiza hospitali. Niliporudi mkono umefungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe, Paskali aliandika juu yake kwa makaa: 35, Tanzania.

Juzi nilikutana na Zuhura kwenye harusi kijijini Sigino. Siku hizi ni Mama Swaumu, ana duka lake mwenyewe. Nikamwinamia sikioni. "Mama Swaumu, hivi ile thelathini na tano uliipima saa ngapi?"

"Nipime saa ngapi, na wewe unalia kama mbuzi wa sikukuu?"

Tulicheka mpaka bibi harusi akageuka.

Wanangu nao wanaruka theluji, kwenye simu. Wameketi kwenye kochi, wanaanguka mara mia, hawachafuki hata soksi. Mifupa yao mizima nawaonea wivu. Lakini simu yao hutoa matokeo sahihi hadi sentimita ya mwisho, na haijawahi hata mara moja kugeuka kutazama nani analia.