Mapigo Themanini na Nne Chini ya Kitenge

Nimeshajicheka mwenyewe vya kutosha, sasa ni zamu yenu.

Tangu ninunue simu mpya kule Mbarara, watu wa hapa kambini Rubondo walianza kuniita dokta, nami nikawa naitika. Simu hiyo inapima mapigo ya moyo: unaweka kidole juu ya kamera, tochi inawaka, namba inatokea. Nilikuwa napimia watu sokoni, na jua la huko lilikuwa linaisumbua, kwa hiyo nikaifunika kwa kitenge, watu wakawa wanapenyeza kidole chini yake. Namba ilitoka kwenye simu. Mashauri niliyatoa kichwani mwangu.

Papa Neema nilimwambia moyo wake umechoka, asishike jembe. Alinitii kabisa! Wiki mbili alikaa kwenye kiti kando yangu, mke wake akilima maharagwe peke yake.

Jumamosi mke huyo, Mama Neema, alifika na beseni la nyanya, soko limejaa watu.

"Dokta, na mimi unipime."

Akaingiza mkono chini ya kitenge. Themanini na nne.

Nikakunja uso kama mtu aliyesoma. "Mama, uko na mawazo mingi. Usiku haulali vizuri. Punguza chumvi, upumzike."

"Nipumzike kama bwana yangu?"

"Kama yeye kabisa!"

Akafunua kitenge. Juu ya kamera, kati ya vidole vyake, kulikuwa na nyanya moja nyekundu, imeiva vizuri.

"Papa Neema," akamwita mumewe, "simama ukamate jembe. Hata nyanya iko na mawazo mingi."